Pesa ya chini ya cherehani

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, nisionekane najifanya mjuzi. Wiki kadhaa nyuma niliharibu kitu cha miaka zaidi ya 130 kwa ndimu mbili na kijiko kimoja cha chumvi, na vile nakiharibu nlikuwa nafurahi, yaani naimba kabisa.

Ilikuwa hivi. Kwetu Kuze, hapa Mombasa, kuna cherehani ya marehemu nyanya, ile Singer ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, ina maua ya dhahabu yashafutika nusu. Sakafu ya chumba kile haijawahi kuwa sawa tangu nipate akili, kwa hivyo mguu mmoja wa cherehani siku zote umewekewa kitu chini usicheze. Sisi watoto tulikiita tu "kile chuma". Sasa siku hiyo mamangu kataka chumba kipigwe deki, nkasogeza cherehani, kile chuma kikabaki kimeganda sakafuni, nkakibandua kwa ncha ya kisu. Kiduara, kizito kidogo, rangi yake kama halua iliyoiva ikapitiliza. Nkakigeuza dirishani kwenye mwanga nkaona mizani.

Mizani wallahi, vitanga viwili vinaning'inia, na maandishi ya Kiarabu. Moyo ukanipiga, nkakimbilia jikoni. Ndimu, chumvi, halafu nkamalizia na majivu na ule waya wa kusugulia sufuria, dakika 10 hivi, ikatoka inang'aa rangi ya waridi kama imetengenezwa jana. Sasa ikasomeka vizuri: upande mmoja mizani na mwaka wa Hijria 1306, upande wa pili jua na jina la kampuni kwa Kizungu, Imperial British East Africa Company, na Mombasa, na 1888. Mombasa yetu hii hii. Nkapiga picha nkaitupa kwenye grupu la familia.

Hapo ndipo fitina ilipoanza. Binamu yangu mmoja wa Kisauni akajibu, hiyo ni milioni mbili dada, usimwambie mtu, akanitumia na video ya jamaa anaonyesha sarafu za zamani za Kenya na bei zake, eti shilingi yenye kichwa cha Mzee Kenyatta inanunuliwa laki nane. Mimi najua vizuri kuwa zile shilingi zilitoka tangu 1966 na zimejaa kwenye makopo ya kila nyumba kuanzia hapa mpaka Busia, lakini tamaa haina hesabu, nkapiga namba. Jamaa ana sauti tamu huyo, ananiita dadangu, ananiambia mnunuzi yuko Dubai lakini kwanza sarafu isajiliwe, ada 1,500. Nkatuma. Ndiyo, nlituma, msinicheke. Baadaye ikawa ada ya bima 4,000 ndio nkazinduka, na namba haijashika tena mpaka leo. Mkiona mtu anataka pesa ili anunue pesa yenu, kimbieni.

Basi nkakumbuka kuna mzee mmoja Mji wa Kale, rafiki wa marehemu babu, huyu maisha yake yote ni vitu vya kale. Simtaji jina manake hapendi wageni wa kubisha hodi wakiwa na mifuko, mimi namwita Ami tu. Nkaenda baada ya alasiri, wakati anakaa barazani na kahawa yake. Nkamwamkia, nkaketi, nkaulizwa habari za mama na za wagonjwa wote wa ukoo mmoja mmoja, kikombe cha kahawa tungu kikaja, na ndipo nkatoa leso niliyoifungia ile pesa.

Akaishika kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, hakugusa uso wake. Akaiinua. Akanyamaza. Alinyamaza mpaka nkaanza kuhesabu vigae vya nyumba ya pili.

"Nani kaiogesha?"

"Ni mimi Ami. Ilikuwa chafu."

"Haikuwa chafu binti yangu. Umeichuna ngozi, sasa waniletea nyama."

Niliona haya nyie. Akanieleza polepole bila kunigombeza, na kule kutogombezwa ndiko kulikouma zaidi. Shaba ikikaa na hewa hujivika ngozi yake yenyewe, kwanza kahawia halafu inakolea, na ile ngozi ndiyo inayoikinga isiendelee kuliwa. Ukiweka asidi ya ndimu inayeyusha ile ngozi yote na kukuachia shaba mbichi, na shaba mbichi kwa hewa hii yetu ya chumvi inaanza upya, tena inaanza vibaya, madoa madoa. Chumvi ndiyo mbaya zaidi. Na ule waya wa sufuria umepiga mistari midogo midogo ambayo kwa macho huioni lakini yeye kaipitishia kioo cha kukuzia akanionyesha, nkaona uso umekwaruzwa wote kama barabara ya murram baada ya greda. Mtu anayekusanya sarafu akiona mistari ile anarudisha mkono mfukoni. Afadhali ingekuja na matope yake. Nkamuuliza sasa mtu asafishe na nini, akasema maji yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa, yale ya kuongezea betri ya gari, sio asidi yake, loweka, kausha kwa kupapasa usisugue, basi. Na mara nyingi hata hayo huhitaji.

Halafu akafanya kitu sikukitarajia. Akaingia ndani akatoka na pesa nyingine kama ile ile, yake, akaziweka mbili sambamba kwenye sinia la kahawa. Yake nyeusi imetulia, mizani imesimama vizuri. Yangu inameremeta kama meno ya bandia.

Ikabidi nisikilize historia, na hii sehemu niliipenda kwa hivyo mtanivumilia. Ile kampuni ilipata hati ya kifalme ya Uingereza mwaka 1888, mkubwa wake William Mackinnon, huyo huyo ambaye soko la Marikiti lilikuwa likiitwa kwa jina lake. Mwambao wenyewe ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, kampuni ikaukodi. Na kwa vile kampuni ndiyo serikali, ikajitengenezea pesa. Rupia ya fedha moja ilikuwa sawa na pesa 64 za shaba kama hii yangu. Mizani nayo hawakuibuni wao, Sultani Barghash alishatoa pesa yake ya shaba yenye mizani tangu mwaka wa Hijria 1299, watu walishazoea kuona mizani na kujua hii ni pesa halali, wakaifuata. Kampuni yenyewe haikudumu, ilipofika 1895 ikashindwa na serikali ya Uingereza ikachukua. Miaka saba tu. Na neno lenyewe pesa tumelipata kwa Wahindi, paisa, kile kisarafu kidogo cha shaba, mpaka likaja kuwa jina la fedha zote.

Nkamwambia Ami, ajabu lakini, kampuni kutoa pesa. Akanitazama, akatazama simu yangu pale kwenye sinia.

"Wewe ya kulipia tuktuk umeiweka wapi?"

Nkanyamaza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda kila Jumamosi nikipata nafasi. Vitu vyake viko kwenye masanduku matatu na kabati moja, na sio vyote vya thamani, vingine ni takataka tupu ambazo anazipenda kuliko za thamani. Senti zenye tundu za enzi ya mkoloni anazo tele, zile zenye pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu, zimepangwa kwa miaka kwenye bahasha ndogo za karatasi. Akanitolea senti 10 ya 1936 akaniambia soma. Jina la mfalme Edward wa nane. Huyu mfalme alikaa kitini chini ya mwaka mmoja, akaacha ufalme kwa ajili ya mwanamke aliyempenda, hata kuvishwa taji hakuwahi, na huko kwao Uingereza hakuna sarafu yake iliyotoka kutumika madukani. Lakini huku kwetu, kwa sababu katikati kuna tundu na sura ya mtu haingii, walihitaji jina tu, na jina wakaliweka mapema, zikatoka. Kwa hivyo mchuuzi wa mihogo Mombasa alikuwa na pesa ya mfalme ambaye Mwingereza wa London hakuwa nayo. Na wala si ghali, nenda kaangalie makopo ya nyanya zenu sasa hivi, usizioshe tu.

Anayo reale pia, ile ya fedha ya Maria Theresa, nzito, mama mnene kifua wazi. Watu wakimletea wanaapa ni ya 1780 kwa sababu imeandikwa 1780. Zote zimeandikwa 1780. Huyo malkia alifariki mwaka huo na wakaendelea kuzichapa kwa mwaka ule ule zaidi ya karne nzima, Vienna, London, hata Bombay, manake wafanyabiashara wa huku na wa Uarabuni hawakutaka kuona sura nyingine. Masonara nao wakiziyeyusha kutengeneza bangili na vikuku, kwa hivyo huenda shangazi yako anamvaa Maria Theresa miguuni na hajui. Shilingi zenye simba za miaka ya 1920 na 30 nazo, watu wanadhani ni fedha tupu, fedha humo ni robo tu.

Niseme kidogo na watu wanaokuja pale, manake wenyewe ni kivutio. Kuna kijana wa Likoni, konda wa matatu, anakusanya shilingi 40 tu, ile ya 2003 ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, yenye sura ya Kibaki. Abiria wengine walikuwa wakimpa kama nauli na makonda wenziwe wakizikataa wakidhani ni bandia, yeye akizichukua. Sasa anazo 61. Ukimuuliza atazifanyia nini anakwambia ziko. Kuna mwalimu mstaafu, yeye ni stempu, na ana dharau na watu wa sarafu, anasema sarafu ni chuma. Kuna mabroka, hawa wanakuja na masanduku ya mbao yenye misumari ya shaba, eti ya kale kutoka Lamu. Ami anafungua kifuniko, anatazama bawaba, anafunga. Kama skrubu ni ya nyota anasema "mashaallah, la kale sana hili, la mwezi uliopita", manake skrubu za nyota zilianza kuuzwa miaka ya 1930 huko Marekani na broka anasema sanduku ni la mama yake Sultani. Wanalipaka chai ya rangi na dawa ya viatu, wanalianika juani, wanalipiga na mnyororo. Kazi nzuri tu kwa kweli, kwa nini wasiliuze kama sanduku jipya zuri sijui.

Kuna siku moja alikuja mtu sitasema wa wapi, gari kubwa, akauliza kama Ami anaweza kumpatia vigango. Sijawahi kumuona yule mzee akisimama haraka vile. Hakupayuka, alimwambia tu kahawa imekwisha.

Kwa wasiojua, kigango ni ule mti wa kuchongwa wanaosimamisha Wamijikenda kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mtu wa chama cha Gohu. Ukishasimamishwa hauhamishwi, unakaa pale mpaka uoze. Ni kama marehemu mwenyewe amesimama kwenye boma lake. Sasa kuanzia miaka ya 70 na 80 vikawa vinang'olewa usiku, vijana wanalipwa vijisenti, vinapita madukani huku pwani vinaishia Marekani kwenye sebule za matajiri na kwenye makumbusho. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy mwaka 1985 alimpiga picha mzee mmoja kule Kilifi mbele ya vigango viwili vya ndugu zake, muda si mrefu vikaibiwa, na miaka mingi baadaye akavikuta Marekani, kimoja Illinois na kimoja Virginia. Cha Illinois kilirudi 2007. Makumbusho ya Denver nayo ikaamua 2014 kurudisha vigango 30, vikafika nchini 2019. Na vingi ukivirudisha hujui umrudishie nani, manake aliyeiba hakuandika boma gani. Ami anasema ukiona kigango kimesafishwa kinang'aa kwenye kioo, jua hata ule udongo wa miguuni uliokuwa unaonyesha kwao washaukwangua.

Nliposikia hivyo nkaitazama pesa yangu.

Halafu ndio akanipa habari nyingine ya kunimaliza. Ile ndoto ya mnunuzi wa Dubai, hata angekuwa wa kweli ningejitia matatani. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inasema kitu chochote cha kubebeka, ukitoa vitabu na hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale kisheria, na hukitoi nje bila kibali. Pesa ya 1888 iko ndani ya mstari. Kwa hivyo chini ya cherehani yetu kwa miaka yote ile kulikuwa na kitu cha serikali kukitolea macho na sisi tunakikanyagia pindo za leso.

Nikitaja leso, nilipeleka kisa hiki chote kwa halati yangu, dadake mama, wa Kibokoni nikidhani atanihurumia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe yeye naye ni mkusanyaji na mimi sijui, miaka yote nadhani lile kasha la chumbani ni la nguo tu. Akalifungua, harufu ya karafuu ikatoka kwanza, anazitia kwa ajili ya wadudu, halafu leso, doti juu ya doti, hazijakatwa. Huo ndio mpango wake, haikatwi wala haipigwi maji. Doti ikishakatwa na kupindwa ni nguo, anasema, ikiwa nzima bado ni karatasi ya kusoma. Nyingi zina yale maandishi madogo pembeni, K.H.E. Mali ya Abdulla, za mtaa wa Biashara hapa hapa. Kuna moja alinunua siku ya ugomvi na wifi yake ili amvalie, jina la leso, yaani yale maneno yake, siliandiki hapa kwa sababu wifi mwenyewe anasoma, na hakuivaa, ugomvi uliisha mapema. Nkamuuliza unajuta? Akasema kidogo.

Nkamuuliza angeuza lote kasha zima kwa ngapi, akalifunga.

Basi turudi kwenye pesa. Ami alikataa kuinunua, alisema kwa hali ile angenipa mia tatu kwa ajili ya babu tu na sio kwa ajili ya pesa yenyewe. Lakini alipoigeuza mara ya mwisho akaona kitu ambacho mimi sikukitambua hata kwa kuiosha. Upande wa jua una bonde dogo, kishimo cha mviringo, katikati kabisa, na mizani upande wa pili imelala kidogo. Akauliza hii imepigwa na nini. Nkamwambia mguu wa cherehani, ya nyanya, zaidi ya miaka 50. Akaikalia kimya tena, ila huu ukimya ulikuwa mwingine. Akachukua bahasha ndogo ya karatasi kama zake, akachukua kalamu, akaandika kwa mkono wake mwaka na jina la kampuni, na chini yake akaandika Kuze, cherehani ya, na jina la nyanya. Akanipa na kile kipakiti cha kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya, akaniambia isikae kwenye plastiki laini, plastiki ile hutoa majimaji ya kijani.

Nimeiweka kwenye droo. Imeshaanza kubadilika rangi, pembeni ina zambarau kidogo, na doa moja jeusi karibu na tarakimu 8 ya mwisho ambalo silipendi lakini sitaligusa.

Tatizo lililobaki ni mamangu. Ana oda ya mapazia na cherehani inacheza. Nimejaribu kadibodi ikalainika siku ya pili, nimejaribu kizibo cha soda kikabonyea, saa hii nimeweka shilingi 20 ya ndovu, mpya, naona inashika lakini imeinuka kidogo upande ule, na mama anasema mshono unakwenda upogo. Jana usiku kaniita tangu jikoni, "We mwana, hebu lete pesa yangu." Nkamwambia mama ile ni ya 1888, ni ya kale kisheria. Akaniambia hata yeye ni wa kale, lete.